Diski ya tatu iliyokawia kufika Kiembeni

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea habari za taarabu, tenzi na ngoma za mwambao, na najua wapo watakaokunja uso wakiona leo naandika juu ya mchezo wa televisheni, tena mchezo wa Kijapani wa tangu 1997. Nawaomba wanistahimilie. Nina deni la miaka mingi nataka kulieleza, na deni lenyewe limo ndani ya mchezo huo.

Desemba ya 2024 nilikwenda Kiembeni kumsaidia mama kutoa vitu stoo. Kwa asiyepajua, Kiembeni ni bara ya kaskazini ya Mombasa: unavuka daraja la Nyali, unapita Bombolulu kuelekea Bamburi, kisha unaiacha barabara kuu ya Malindi na kuingia ndani upande wa kushoto. Chini ya magunia matupu ya saruji nikakuta bati la biskuti limefungwa kamba. Ndani yake mlikuwa na mashine yetu ya PlayStation, ile ya kwanza ya rangi ya kijivu, padi mbili, waya zake, kadi ya kumbukumbu iliyoviringishwa kipande cha leso, na diski mbili zilizoandikwa kwa kalamu ya wino: moja, mbili. Ya tatu haikuwamo, wala haikupata kuwamo.

Mtoto wa ndugu yangu, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, akaiangalia mashine kama mtu anayeangalia taa ya koroboi. "Ami," akaniuliza, "huyu ndiye bibi yake PS5?"

Nikamwambia ndiye, na amwamkie.

Mashine hizo Sony ilianza kuziuza Japani Desemba 1994, na hadi ilipoacha kuzitengeneza mwaka 2006 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 100 duniani. Yetu ilitoka Dubai mkononi mwa ami yangu, ikiwa imekwisha tumika na kutiwa kidude cha ndani ili ikubali diski za nchi yoyote. Fundi wa redio wa mtaani akaifungua, akafuta lenzi, akairudisha. Haikusoma kitu. Nikamwambia aigeuze chali, miguu juu. Akacheka, akaigeuza, ikasoma. Aliyewahi kuwa na mashine ile anajua sababu: reli ya lenzi katika mashine za mwanzo ilikuwa ya plastiki, ikipata joto siku nyingi inalika, lenzi inainama upande, na ukiipindua mashine lenzi hukaa sawa tena kwa muda. Sisi tuligundua jambo hilo Kiembeni bila ya kuambiwa na mtu, tukadhani ni siri yetu peke yetu.

Mchezo uliokuwa katika diski zile ni Final Fantasy VII. Kampuni ya Square ya Tokyo ilianza mfululizo wa michezo hiyo mwaka 1987, na huu wa saba ulipotoka miaka kumi baadaye ulikuwa mkubwa hata ukagawanywa katika diski tatu. Si mchezo wa kupiga mpira wala wa kufukuzana na magari. Ni hekaya, tena ndefu, unayoitembeza mwenyewe. Kuna mji uitwao Midgar uliojengwa kwa ghorofa: matajiri wanakaa juu ya bamba la chuma, mafukara wanakaa chini yake wasikopata jua. Kampuni moja imeteka kila kitu, inanyonya uhai wa ardhi kwa mitambo minane na kuugeuza stima. Kijana mmoja mwenye upanga mkubwa kuliko kimo chake, jina lake Cloud, anaajiriwa na kikundi cha watu wanaotaka kuivunja mitambo hiyo. Hapo ndipo safari inapoanza, na ukiifuata sawasawa itakuchukua saa arobaini au zaidi kuimaliza.

Jambo moja ni lazima msomaji alielewe. Mchezo ule haukuwa na sauti za watu. Wahusika hawasemi, maneno yao huandikwa katika visanduku vya buluu, kwa Kiingereza, nawe unasoma. Anayecheza bila kusoma atapotea katika saa ya kwanza. Na katika chumba chetu cha Kiembeni mwaka 1998, kati ya watoto saba au wanane waliojazana mkekani, aliyekuwa akisoma Kiingereza chochote ni mimi, mwanafunzi wa sekondari wa miaka kumi na mitano.

Basi nikawa mkalimani. Ulikuwa msimu wa zile mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 1997 na kuendelea hadi mwaka uliofuata. Barabara zilikuwa mito, na watoto hawakuwa na pa kwenda. Mimi nashika padi, nasoma kisanduku kimoja, nakieleza kwa Kiswahili, nabonyeza, nasoma kingine. Mwenye mtambo mkononi badala ya kiganja, yule Barret, nilimpa sauti nzito ya utingo wa matatu. Wakubwa wa kampuni niliwasemesha kwa maringo ya afisa. Nisichokielewa nilikitunga. Nasema kweli, nilitunga kingi, na hata Kiingereza chenyewe kilikuwa na makosa, kwani kilitafsiriwa kwa haraka kutoka Kijapani. Mna sentensi humo ambazo mwalimu wetu angezipigia mstari mwekundu. Siku zile nilidhani kosa ni langu.

Na tulicheza bila rangi. Diski zetu zilikuwa za Kimarekani, na televisheni ya nyumbani ilikuwa ya mtindo unaotumika huku kwetu. Mitindo hiyo miwili ya picha haielewani katika kupokezana rangi, kwa hiyo picha ilikuja nyeusi na nyeupe tupu. Sisi tukaridhika nayo. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba ule mwanga unaotoka mitamboni ni wa kijani.

Tatizo kubwa lilikuwa kuhifadhi. Ukiwa nje, katika ramani ya dunia, unaweza kuhifadhi popote. Lakini ukiwa ndani ya pango au jengo, mpaka ufike mahali maalumu palipowekwa alama. Adhana ya Maghribi haikungoji ufike mahali maalumu. Mara ngapi tulisikia muadhini anaanza, nasi tumo katikati ya pango, madawa yamekwisha, na sauti ya bibi inatoka barazani: "Zimeni kitu hicho!" Ukizima umepoteza saa mbili za kazi. Ukiacha inawaka bila kuigusa, stima huenda ikakatika kwa mvua, na ni yaleyale. Tuliiacha ikiwaka, tukaenda kusali, na nakiri mbele ya wasomaji kwamba sala zile hazikuwa na utulivu mkubwa.

Miongoni mwa watoto wa mkekani alikuwamo kijana wa miaka tisa aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa shangazi yake. Hakuwa mwenyeji wa Kiembeni. Kwao ni Mtongwe, ng'ambo ya kusini. Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa ndiyo kwanza imetoka gatini kuja kisiwani, asubuhi ya watu wanaokwenda kazini, na watu 272 wakafa maji. Mamake alikuwa mmoja wao. Kijana alikuwa na miaka mitano. Baba yake alikuwa baharia, hana wa kumwachia mtoto, akaletwa bara hii. Alikuwa mtoto asiyesumbua. Alikaa karibu kabisa na kioo, magoti kifuani, akingoja nisome.

Katika sura za mwanzo za hadithi kuna msichana muuza maua. Anauza shada kwa sarafu moja katika mji usioota jani. Mara ya pili unapokutana naye, ndani ya kanisa bovu ambamo maua yake yameota kati ya mbao zilizovunjika, mchezo hukuuliza unataka aitwe nani. Jina lake la asili ni Aerith, nasi katika diski yetu liliandikwa Aeris, lakini mchezaji ana ruhusa ya kulifuta na kuandika alipendalo. Wahusika wengine tulikwisha wapa majina ya wachezaji wa mpira. Yule kijana akasema, "Kaka, huyu nipe mimi." Nikampa padi. Akaandika herufi mojamoja, polepole, jina la mamake.

Hakuna aliyecheka. Tukaendelea.

Waliowahi kuucheza mchezo huu wameshajua ninakokwenda. Sisi hatukujua, maana hatukuwa na gazeti la michezo wala mtu wa kutuambia. Karibu na mwisho wa diski ya kwanza, yule msichana anawaacha wenzake, anakwenda peke yake katika mji mmoja wa kale uliohamwa, anapiga magoti na kuomba dua. Wenzake wanamkuta hapo. Anainua uso, anatabasamu. Adui anashuka kutoka juu na upanga mrefu na kumchoma mgongoni. Kitufe cheupe kilichokuwa nyweleni mwake kinaanguka, kinadunda ngazi kwa ngazi, kinazama. Mchezo unakutaka upigane papo hapo, lakini muziki wa vita haupigwi. Wimbo wake yule msichana unaendelea taratibu huku unapigana. Mtungaji wa muziki huo ni Nobuo Uematsu, na kwa maoni yangu hakuwahi kufanya jambo la maana zaidi ya kuuacha wimbo ule usikatike. Kisha Cloud anambeba mikononi, anaingia naye ziwani, na kumwachilia maji yamchukue.

Mashine ikatuagiza tuweke diski ya pili. Hakuna aliyesogea.

Yule kijana akageuka kwangu. Hakulia. Akaniuliza swali la kitaalamu: "Kaka, kwa nini hatukumpa unyoya?" Katika mchezo ule kuna dawa, unyoya wa ndege wa hekayani, unaomwinua mpiganaji aliyeanguka vitani. Tulikuwa nao zaidi ya thelathini mkobani. Swali lake lilikuwa la haki. Watu duniani kote waliuliza hilohilo, na wengine wakatumia miaka kutafuta siri ya kumrudisha msichana huyo. Siri haiko. Yoshinori Kitase, aliyeuongoza mchezo, amekwisha eleza kwamba walikusudia kifo kije ghafla na kiache pengo, kama kijavyo kwa watu wa kweli. Naye Hironobu Sakaguchi, baba wa michezo hii, amesimulia kuwa kufiwa na mama yake ndiko kulikomfanya aifikirie sana habari ya uhai na mauti.

Mimi siku ile sikuyajua hayo. Nilimwona mtoto amegeuza uso kwangu, nikasema, "Atarudi. Diski ya tatu."

Nililipamba jambo. Ndani ya hadithi mna itikadi ya kwamba roho za viumbe hurejea ardhini zikawa kama mto, kisha zikazaliwa upya. Maneno hayo nisingethubutu kuyasoma bibi akisikia, kwa hiyo tangu mwanzo nilikuwa nimeyatafsiri kuwa ni barzakhi. Ulikuwa ukalimani mbovu wa kupindukia, na tena ni hatari, kwa sababu barzakhi mtoto wa madrasa anaijua. Nikamwambia, "Yuko barzakhi ya huko kwao. Ikifika diski ya tatu atatoka." Sikufikiri kwamba namwambia habari ya mtu mwengine.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Watoto walipotawanyika akaniita. Hakunigombeza. "Mjukuu wangu," akasema, "hata Fumo Liyongo na nguvu zake zote alikufa kwa sindano ya shaba, na watu wakakiogopa kisima siku nyingi wakidhani yu hai, kwa kuwa alikufa amepiga goti na uta wake mkononi. Mwisho akaanguka. Usimwahidi mtoto maiti. Nenda kamwambie."

Nikasema nitakwenda. Sikwenda.

Tulicheza diski ya pili yote. Kila siku mbili tatu ananiuliza, "Ile ya tatu yaja lini?" nami namjibu: iko melini, iko Dubai, iko kwa mtu wa mjini anasubiri bei. Muuzaji alikuwa ametuuzia diski mbili tu, na nilipomrudia akasema hakuna nyingine. Tukafika mwisho wa ya pili, mahali ambapo ukimshinda adui mmoja mashine itadai diski ya tatu, tukahifadhi hapo: saa arobaini na moja za kucheza. Nasema kwa aibu kwamba nilifurahi kuikosa diski ile. Mwaka 1999 baba yake kijana akaja kumchukua, wakahamia Tanga kwa jamaa zao. Bibi alifariki 2003, Allah amrehemu. Bati likafungwa kamba.

Sasa turudi kwa mtoto wa ndugu yangu. Kwenye televisheni ya kisasa, inayoelewa mitindo yote miwili, rangi zikatoka. Nilikaa kimya muda mrefu. Gauni la yule msichana ni la waridi. Kadi ya kumbukumbu haihitaji betri wala stima kutunza kilichomo. Tukaichomeka, na saa zetu arobaini na moja zikawapo, sura zetu tatu zimejipanga. Kijana wetu anaujua mchezo huu kwa toleo lake jipya, maana Square Enix walianza kuufumua na kuusuka upya, sehemu moja ikatoka 2020 na nyingine 2024. Akanionyesha yeye mambo ambayo mimi sikuyaelewa miaka ile. Kwa mfano, Cloud, ambaye tangu mwanzo anasimulia ushujaa wake wa zamani, hakuwa shujaa wala askari wa daraja la juu. Aliyachukua mambo ya rafiki yake aliyekufa, akayasimulia mpaka mwenyewe akayasadiki. Mimi hiyo sehemu niliitafsiri kuwa amerogwa.

Kisha kikatokea kisanduku ambamo wenzake wanamtaja marehemu. Mtoto akasimamisha kidole. "Ami, huyu nani? Huyu si Aerith?"

Lilikuwa jina la mama wa Mtongwe, limekaa ndani ya kadi miaka yote hiyo, herufi alizozichagua mwanawe mojamoja. Nikamweleza mtoto kisa chote. Akanitazama na kusema bila ya huruma, "Kwa hiyo hukumwambia mpaka leo?"

Namba ya simu niliipata kwa shangazi yake, ambaye bado yuko Kiembeni. Kijana yule ana miaka thelathini na sita sasa, baba wa watoto wawili, anafanya kazi Doha. Nilimpigia Ijumaa baada ya sala. Tuliamkiana, tukaulizana jamaa, tukawataja waliotangulia. Nikazunguka weee, mwisho nikamwambia: nilikudanganya juu ya diski ya tatu, na bibi aliniamuru nikwambie nami nikaogopa. Nisamehe.

Akacheka kwa muda. "Bibi yako alinambia siku ileile," akasema. "Alinifuata kwa shangazi kabla ya Isha, akanikalisha upenuni. Akanambia mama harudi, na yule wa televisheni pia harudi, na wewe ni mtoto mwema lakini mwongo."

"Basi kwa nini ulikuwa ukiniuliza kila siku?"

"Nilipenda unavyojibu. Mara iko melini, mara iko Dubai. Nilikuwa nangoja kusikia leo imefika wapi."

Sikuwa na la kusema. Yeye akaendelea: mchezo aliumaliza zamani, mwaka 2009, kwa kompyuta ya mwenzake wa chumba huko huko Doha. Nikamuuliza safari hiyo alimwandika nani. Akasema aliacha lilelile la kwao. Kisha akaniuliza kama nimeipata diski ya tatu. Nikamwambia naiagiza. "Ukiipata, rudi kanisani," akasema. "Ingia polepole. Usikimbie."

Diski tatu kamili zilifika Februari 2025, kwa mkono wa jamaa aliyetoka Marekani. Tukamshinda yule adui aliyetungoja tangu 1998. Ili kurudi Midgar inabidi uchimbe ufunguo katika kijiji cha wachimba mifupa; mtoto aliuchimba, maana mimi nilikwisha choka na koleo. Jioni ya Jumamosi tukaingia mjini kwa miguu, tukapita vibanda vya chini ya bamba, tukafika kanisani. Nikamwambia asikimbie.

Mlango ukafunguka. Kule mbele, penye maua, alikuwa amesimama msichana wa gauni la waridi ameinama. Tukasogea hatua moja na akatoweka. Ilikuwa kitambo cha kupepesa jicho. Mtoto akasema, "Ami, diski imekwaruzika?" Akataka kutoka aingie tena ahakikishe.

Wenye dini yao wanajua kwamba aliyekufa harudi mpaka siku ya kufufuliwa, nami sijasema vingine, wala watengenezaji hawakumrudisha. Hana neno analosema, huwezi kumgusa. Lakini huko Doha, mwaka 2009, mtu mzima aliyekwisha ambiwa ukweli tangu ana miaka tisa aliingia mlango huo, akaona hivyo, na miaka kumi na sita baadaye akataka nami nione.

Nikachukua padi nitoke nje ya mji nikahifadhi katika nafasi mpya, ile ya saa arobaini na moja ibaki kama ilivyo. Tulikuwa bado katikati ya vibanda muadhini alipoanza. Tukaiacha inawaka, tukaenda msikitini.